Chai ya minti inakugomea? Anza na mfuniko, afu tuje kwenye majani

Jamani naomba niandike hili jambo lote mara moja, maana kila wiki kuna mtu ananitumia voisi, "nimenunua ile minti ya majani lakini mbona inatoka kama maji ya kuoshea vikombe", mwingine anasema inamkaba koo, mwingine inamnukia nyasi kavu, na mi najikuta narudia maneno yaleyale kila siku. Naongelea minti ya majani makavu ya kupima, siyo ya vipakiti vya kuchovya, na naongelea peremende yenyewe, jani lake siyo pipi, ile inayokuachia kinywa cha baridi. Nanaa mbichi ya bustanini nayo nitaigusa, kwa sababu hapo ndo watu wengi wanapochanganya bila kujua.

Kwanza shika hili. Sisi tumekua na chai ya kupika, maji sufuriani, majani, tangawizi, maziwa, inachemka mpaka inapanda, unaishusha, unairudisha. Kwa chai ya kawaida ni sawa kabisa. Minti haipikwi. Ladha yake haijajificha katikati ya jani, imekaa juu juu kwenye vijifuko vidogo mno vya mafuta, ndo maana ukilisugua jani kidogo tu harufu inapanda palepale, umevipasua. Na mafuta yale yanaondoka na mvuke kirahisi sana. Kwa hiyo ukiona kikombe kibaya jiulize, mafuta yalishaondoka kabla sijatia maji, au yameondoka na mvuke wakati nimesimama nasubiri? Karibu kila tatizo nitakalotaja hapa chini linarudi kwenye swali hilo.

Jikoni kunanukia vizuri lakini kikombe hakina kitu

Hili ndo namba moja. Watu wanafurahi nyumba nzima inanukia minti, kumbe ile harufu iliyojaa nyumba ndo iliyotakiwa iwe kwenye kikombe! Dawa yake ni mfuniko. Kama kikombe hakina mfuniko weka kisahani juu, hata sahani ya chai ya kawaida, ila iwe imekaa vizuri isiache upenyo. Baada ya dakika 7 au 8 ifunue taratibu, angalia chini ya kisahani utaona matone, yanuse, utashangaa yalivyo makali, sasa usiyamwage kwenye sinki, yakung'utie humohumo kwenye kikombe.

Ukitaka kuamini fanya hivi leo jioni: vikombe viwili vinavyofanana, majani kiasi kilekile, maji ya birika moja, kimoja funika kingine acha wazi. Nilimfanyia mama yangu Lushoto, yeye ni mtu wa kupika chai kwa sufuria miaka yote na alikuwa anaona hii habari ya visahani ni mambo ya mjini, akanywa cha kwanza, akanywa cha pili, akaniambia "hiki kimoja hujatia majani". Nilitia yote sawa.

Nimefunika na bado ni nyepesi

Hapo angalia kiasi. Majani makavu ya minti ni mepesi na yamejaa hewa, kijiko cha chai kinaonekana kimejaa kumbe hujafika hata gramu 1. Mi natumia gramu 3 kwa kikombe kikubwa cha mililita 250, na kwa majani yaliyobaki makubwa hiyo inaweza kuwa vijiko viwili vya chakula, sasa mtu aliyezoea majani ya chai ya kawaida anaona ni ufujaji anapunguza. Usipunguze. Shirika la Dawa la Ulaya, kwa anayeinywa kama dawa ya tumbo, linataja gramu 1.5 mpaka 3 kwa mililita 100 hadi 150, yaani hiyo mara nyingi itakuwa kali kuliko ninayokwambia mimi. Kamzani kadogo ka kidijitali ka jikoni kanasaidia sana, lakini kama huna, pima mara moja kwa jirani mwenye nacho, uone gramu 3 za majani YAKO zinafika wapi kwenye kijiko CHAKO, basi.

Afu chombo. Yale machujio madogo ya duara yenye mnyororo kwa minti hayafai, jani likilowa linatanuka linataka nafasi, ukilibana mle ndani maji yanazunguka nje tu katikati panabaki pakavu. Nimeshawahi kulifungua nikakuta majani ya ndani hayajalowa kabisa baada ya dakika 6. Tumia chujio pana linaloingia mpaka chini ya kikombe, au tia majani moja kwa moja kwenye buli halafu uchuje wakati wa kumimina, kama wanavyofanya wazee wetu, na ndo njia bora kuliko zote.

Na maji. Minti siyo kama chai ya kijani inayotaka maji ya uvuguvugu mkali, hii inataka maji yanayotokota, ukimimina yawe bado yanatoa mapovu. Maji ya kwenye chupa ya chai uliyojaza asubuhi hayafai, yale yameshashuka sana. Ukiwa milimani, Lushoto, Arusha, Nairobi, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi badala ya 100 za Dar au Mombasa, na watu wanapenda kusingizia hilo, lakini kwa maoni yangu tofauti hiyo ni ndogo, kinachoua zaidi huko ni baridi yenyewe na kikombe cha baridi cha udongo mzito. Pasha kikombe kwanza kwa maji ya moto, mwaga, ndo utie majani, na uongeze dakika 2. Imeisha.

Inanukia minti, tamu kabisa, lakini ile baridi haipo

Hapa nitakaa kidogo maana watu wanalalamikia upishi wakati upishi hauna kosa. Hiyo siyo peremende, ni nanaa. Nanaa yetu ya sokoni, ile ya kutia kwenye chai ya rangi, kwenye juisi ya ndimu, inayofungwa vifungu na dania, kwa sehemu kubwa ni ile minti nyingine ambayo harufu yake inatokana na kemikali iitwayo karvoni, tamu tamu, laini. Ndo hiyohiyo wanayotia watu wa Moroko kwenye chai yao ya kijani. Baridi haina, au ipo kwa mbali sana. Peremende ni chotara wa hiyo nanaa na minti ya majini inayoota kandokando ya mito Ulaya, Linnaeus, yule mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliipa jina lake la kisayansi mwaka 1753, na mafuta yake yana mentholi kwa wingi, ndo kitu kinacholeta ile baridi, mara nyingi theluthi mpaka nusu ya mafuta yote.

Na ile baridi siyo joto limeshuka kweli, chai bado ni ya moto. Mentholi inabonyeza kwenye neva kitambuzi kilekile kinachoshtuka ukiguswa na kitu cha baridi, ubongo unaambiwa baridi imefika. Kitambuzi hicho walikigundua mwaka 2002 makundi mawili tofauti, la David Julius na la Ardem Patapoutian, wakitumia hiyohiyo mentholi, na mwaka 2021 wote wawili wakapewa Nobel ya tiba kwa kazi zao za jinsi mwili unavyohisi joto na mguso. Mi kila nikifikiria kwamba kikombe cha moto kinaweza kukupa baridi nafurahi upya.

Kuzitofautisha zikiwa mbichi angalia jani linavyoshika kwenye shina, zote mbili mashina yake yana pembe nne ukiyazungusha kwenye vidole, ila jani la peremende lina kikonyo kinachoonekana, la nanaa limekaa karibu limegandana na shina. Peremende nyingi pia shina lina wekundu wa zambarau. Zikiwa kavu ni kazi, hapo tafuna jani moja polepole afu vuta hewa kwa mdomo, ikipita baridi mpaka kooni ni yenyewe. Na ukitaka kupanda usidanganyike na mbegu, peremende ni tasa, inapandwa kwa kipande cha shina au mzizi, sasa ile pakiti ya mbegu yenye picha nzuri itakuotea minti fulani, ila peremende ya kutegemea hutaipata humo.

Nanaa siyo mbaya lakini, naipenda sana na ndimu. Shangazi yangu wa Unguja hataki kabisa hiyo peremende, anasema inamkumbusha dawa ya kuchua. Tatizo ni pale tu unapolipia kimoja ukapewa kingine.

Inakaba, ina ukakasi, ulimi unakuwa kama umelamba ndizi mbichi

Umeipika. Au umeisahau nusu saa. Au umekamua majani kwa kijiko mwishoni, kitu ambacho karibu kila mtu anafanya kwa nia njema kabisa ili "isipotee". Ladha nzuri inatoka mapema, na kadri unavyoendelea kuyatesa majani kwenye moto unazidi kuchota vile vya ukakasi wakati huohuo mafuta yanaruka na mvuke, kwa hiyo unapata chai kali isiyo na harufu, hasara mara mbili. Mtu akionja anasema "haijakolea" afu anairudisha jikoni ichemke tena! Hapana. Ukiitaka kali ongeza majani, usiongeze moto. Dakika 5 ni nyepesi, 7 mpaka 8 ndo pangu, 10 bado inanyweka kama majani ni mazuri, zaidi ya hapo chuja tu weka pembeni.

Kama umefuata yote hayo na bado ina ukakasi mkali, chunguza mzigo wenyewe, inawezekana ni vumbi na vipande vidogo vidogo vya chini ya gunia. Jani likisagika vijifuko vya mafuta vinapasuka humohumo kwenye mfuko, harufu inaondoka, ukakasi unabaki na unatoka haraka. Viwango vya dawa vya Ulaya vyenyewe vinakubali hilo, jani zima linatakiwa liwe na mafuta angalau mililita 12 kwa kilo, lililokatwakatwa wanaliruhusu kushuka mpaka 9. Ndo maana mi nanunua jani zima, nalivunja kwa vidole dakika ileile ya kutia maji, siyo kabla.

Inanuka nyasi kavu, au vumbi, au kabati la nguo

Nyasi kavu ni kukausha vibaya au uzee. Waliianika juani kwenye bati, au ilikaushwa polepole sana ikiwa imerundikwa ikaanza kupata joto. Minti inakaushwa kivulini, hewa ipite, ikitumika mashine basi joto lisizidi nyuzi 40 hivi. Jani zuri kavu bado ni kijani, linavunjika kwa mlio, na ukilisugua harufu inakupiga. Jani la kahawia lisilonuka mpaka uingize pua ndani kabisa, hilo huwezi kulifufua kwa namna yoyote, usipoteze sukari yako.

Mwaka juzi nilinunua nusu kilo kwenye duka moja hapa Dar, nikalipa hela ya maana, imepangwa kwenye chupa nzuri za kioo dirishani, jua la mchana linapiga moja kwa moja. Rangi imefifia kama karatasi. Nilitia gramu 3, nikatia 5, nikatia 8, kitu kilekile. Iliniuma kwa sababu kuna mkulima mahali alihangaika na lile shamba, akapalilia, akavuna, afu mzigo unaishia dirishani. Tangu siku hiyo chupa ya kioo inayokaa kwenye mwanga sinunui. Nyumbani weka kwenye kopo la bati linalofunga vizuri, kabatini, mbali na jiko, na MBALI na viungo, maana minti inabeba harufu za wenzake, ukiiweka na binzari na karafuu utakunywa pilau.

Harufu ya kabati, unyevunyevu, ukiona na vidoa vyeupe au majani yameshikana, ni ukungu. Tupa. Usijiambie maji ya moto yataua, sumu za ukungu nyingine haziondoki kwa kuchemsha. Kwa sisi wa pwani unyevu wa hewa ni adui wa kweli, kwa hiyo nunua kidogo kidogo, gramu 50 au 100, na usichote na kijiko kilicholowa.

Rangi imekuwa nyeusi au chafu

Chai ya peremende inatakiwa iwe ya manjano ya kijani kuelekea dhahabu. Ikitoka kahawia kabisa toka dakika ya kwanza majani ni ya zamani au yaliungua kwenye kukausha. Ikitoka ya kijivu au nyeusi nyeusi angalia chombo na maji, sufuria ya chuma iliyochubuka au maji ya kisima yenye chuma yanaifanya iwe hivyo. Na maji ya visima vyetu hapa Dar mengine yana chumvi, hiyo huifichi, minti ni chai nyepesi haina pa kujificha, tumia maji ya kunywa uliyonunua kwa kikombe kimoja tu ulinganishe. Maji ya bomba yakinuka klorini yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha, au yachemshe dakika chache bila mfuniko, huo ndo wakati pekee nakuruhusu usifunike.

Nimetia maziwa imepooza

Mentholi haipendi maji, inapenda mafuta. Maziwa yana mafuta, kwa hiyo yanaishika na kuipunguza makali. Kama unaitaka na maziwa, tengeneza ya majani mengi kwenye maji kidogo, funika, chuja, ndo umimine maziwa ya moto mwishoni. Mi binafsi siipendi hivyo lakini wanangu wanaipenda.

Kikombe cha kwanza kizuri, cha tatu sisikii kitu

Chai haina kosa. Kinywa kimechoka, ile baridi ukiipata mfululizo neva zinaizoea. Ukitaka kuonja kwa makini, kulinganisha mizigo miwili kabla ya kununua, usionje aina zaidi ya tatu kwa mkao mmoja, kunywa maji ya kawaida katikati, kula kipande cha mkate mkavu, na usiwe umepiga mswaki muda huo maana dawa nyingi za meno zina mentholi hiyohiyo. Acha chai ipoe kidogo, ya moto sana inaunguza ulimi na ladha huipati. Vuta kwa kijiko kwa nguvu na hewa, kwa sauti, msijali adabu ya mezani kwa dakika hiyo, halafu toa pumzi kwa pua. Harufu inakuja puani kwanza, afu utamu ulimini, baridi inafuata nyuma kooni, na ukakasi kama upo unaubaini mwisho kabisa. Waonjaji wa chai ya kawaida wana utaratibu wao wa kimataifa, ISO 3103, gramu 2 kwa kila mililita 100, dakika 6, chombo kimefunikwa. Kikombe chake siyo kitamu hata kidogo, ni kikali, ila kasoro zote zinajitokeza, ndo lengo. Nautumia huohuo kwa minti.

Nikinywa napata kiungulia

Wengi wanaambiwa minti ni nzuri kwa tumbo wanaongeza vikombe, wakati mentholi inalegeza ule mlango wa juu wa tumbo, asidi inapanda. Kama una kiungulia cha mara kwa mara hii siyo chai yako, hasa usiku kabla ya kulala, na mwenye mawe kwenye nyongo aongee na daktari kwanza. Na tafadhali mafuta ya minti au mentholi yasisogezwe kabisa puani kwa mtoto mchanga, yanaweza kumbana pumzi. Chai ya majani ni kitu kingine na mafuta ni kitu kingine.

Chupa ya chai haiachi kunuka minti

Ni ule mpira wa mfuniko, umekunywa mentholi. Utoe, uloweke kwenye maji ya moto na magadi ya kuokea, anika uwe wazi siku mbili. Kama una uwezo tenga chupa moja ya minti peke yake, na usiache majani humo ndani, chuja kwanza.

Ukienda kununua sasa, mwambie muuzaji akufungulie mfuko na akuchotee ya chini, siyo ya juu. Muulize ilivunwa lini, ilianikwa wapi. Anayeijua minti yake atakujibu haraka na pengine atakuongeza maneno, kwamba ilikatwa kabla haijachanua, kwamba ilikauka siku ngapi. Chukua jani moja, sugua, nusa, tafuna. Baridi ikifika kooni lipia gramu 50, nenda nayo nyumbani, weka maji jikoni na utafute kisahani.